Karatasi za Mwalimu Sanduku

Mke wa mwanangu anafundisha darasa la tatu, na watoto walimpachika jina Mwalimu Sanduku. Hakulikataa. Alikuwa ameweka sanduku chini ya ubao, akasema mtu asitupe karatasi iliyoandikwa upande mmoja, aigeuze atumie na wa pili. Kabla ya hapo darasa lilikuwa jaa tupu: ndege za karatasi, mipira ya karatasi, kurasa zimechanwa kwa kosa la herufi moja. Karatasi zikijaa pande zote mbili, alikuwa ananiletea mimi nifungie karanga ninazouza kwenye geti la shule. Nilijigamba mtaa mzima. Wakwe wa watu wanaleta maneno, wangu analeta karatasi.

Mimi kusoma kwangu ni kwa kuburuta kidole. Nilikuwa nasokota tu.

Siku moja wakati wa mapumziko, mtoto akamaliza karanga zake, akaikunjua karatasi, akasoma kwa sauti. Ilikuwa hesabu ya binti wa fundi cherehani wa mtaani kwetu. Karibu yote amekosa. Na chini, kwa wino mwekundu, mwandiko wa mkwe wangu: "Kichwa kimejaa pumba. Umekuja shule kufanya nini?"

"Pumba! Pumba!" Geti zima likacheka. Msichana akaacha begi palepale, akakimbia.

Juma zima hakuonekana. Mkwe wangu chakula kikawa hakipiti.

"Mwanangu," nikamwambia, "mtoto hafi kwa kuchekwa. Nyamaza, watasahau."

"Mama, walichosoma ni maneno yangu."

Akaenda kwa fundi cherehani. Nikamfuata na lile begi, si kwa kuomba radhi, maana mimi siombi radhi ovyo, ila asiende peke yake. Fundi hakusimamisha hata cherehani.

"Karibuni. Karatasi zimewaishia?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Mkwe wangu, mtu mzima na kazi yake, akachuchumaa mbele ya yule mtoto.

"Nilikuandikia vibaya, mwanangu. Nilikuwa na hasira zangu, nikakumwagia wewe. Rudi darasani."

Mtoto anaangalia sakafu. "Na wao utawaambia?"

"Nitawaambia."

Mimi nikaliweka begi miguuni pake, nikatangulia kutoka.

Asubuhi akawaambia kweli. Nilimsikia kupitia dirisha: "Maneno yale niliandika mimi. Aibu ni yangu, si yake." Hakuna aliyecheka.

Msichana amerudi, anakaa karibu na mlango. Karatasi zikijaa, siku hizi zinachanwa vipande na kulowekwa, watoto wanafinyangia mabakuli. Mimi karanga nazimimina kiganjani kwa kikombe.

Juzi nilimwita yule msichana mbele ya wateja. "Mjukuu wangu, njoo, hizi zako bure."

Akaficha mikono nyuma. "Asante, bibi. Nimeshiba."

Akapita. Nikabaki nimeinua kikombe, watu wananitazama, na neno lenyewe nililopaswa kumwambia bado liko kooni.