Mlango wa Fundi Bado

Maji yalipoondoka mjini yaliacha jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: milango ya mitaa yote ya chini iligoma kufungwa. Matope watu waliyategemea, na harufu pia. Lakini mbao zilikuwa zimeunywa mto mpaka zikavimba, na kila mlango ukakwama pale ulipoachwa, nusu wazi, hata ukiusukuma kwa bega. Basi mji ukaishi wazi. Mtu akikohoa chumbani kwake, jirani wa nyumba ya tatu anampa pole. Mapazia yalitoka nje na kurudi ndani mchana kutwa, polepole, na ukipita barabarani ulijihisi unapita katikati ya usingizi wa watu.

Siku hizo seremala wa mtaa wa soko la zamani alitafutwa kuliko daktari. Walimfuata kazini, walimvizia njiani, wengine walimshika mkono. Yeye aliugonga mlango kwa kidole, akatega sikio, kisha akatikisa kichwa.

"Bado, mama. Huu umejaa maji. Nikiupiga randa leo utafunga vizuri, utanisifu mpaka kwa shangazi zako. Jua likiwaka unanywea, na paka anapita hapo na watoto wake wote."

Watu walinuna, wakalalamika, mwishowe wakampachika jina: Fundi Bado. Aliitikia tu. Kwa kazi alikuwa mkaidi, huyo, na wala hakuona haya.

Nyumbani kwake, hata hivyo, hakukuwa na utani. Mkewe hakuwepo.

Siku mto ulipofurika, fundi alikuwa ng'ambo akifunga makabati kwenye ofisi fulani, na daraja likazuiwa. Mkewe alikuwa peke yake katika chumba chao kimoja kinachotazama barabara, anakunja nguo. Aliona maji yakichungulia chini ya mlango, akayazuia kwa taulo. Yakatulia. Mlango ulikuwa na komeo imara, kazi ya mumewe, umeshika fremu barabara, na yeye akaamini yamekwisha. Akaendelea kukunja nguo. Kumbe upande wa pili mto ulikuwa unapanda kimyakimya, umeegemea mbao. Kufumba na kufumbua komeo liling'oka, mlango ukafunguka wenyewe, na maji yakaingia yakiwa yamefika kifuani. Alipanda juu ya kabati, akakaa huko kainamisha kichwa chini ya dari, viatu vya mumewe vikielea na kuzunguka chumba taratibu, mpaka wenye boti walipomsikia akiita.

Tangu hapo alikuwa kwa dada yake, mtaa wa juu, ghorofani. Fundi alipanda kilima kila jioni kumbembeleza.

"Twende nyumbani, mke wangu."

"Mlango unafunga?"

"Bado."

"Basi na mimi bado."

Dada mtu, aliyekuwa anamenya viazi, alicheka mpaka kisu kikamponyoka. "Hapo umepatikana, shemeji!"

"Sina hasira na wewe," mkewe alimwambia siku moja wakiwa ngazini. "Ila nikifumba macho nalisikia lile komeo. Siwezi kulala kwenye nyumba isiyofungwa. Siwezi, hata ukinibeba."

Fundi alishuka kilima roho ikimuuma. Chumbani alama ya maji ilizunguka kuta zote nne, na alipolala aliona kama kitanda kinaelea chini ya mstari ule, na sauti ya mkewe iko juu, hewani, ikimgombeza kwa maranda aliyoyaleta mifukoni. Alikosa hata kugombezwa. Alipika chakula cha watu wawili, akakitazama.

Asubuhi moja aliugonga mlango wake. Ulimjibu kwa sauti nzito, ya mti uliojaa maji. Alisikia vizuri sana. Masikio yake hayakuwa na kasoro yoyote. Akachukua randa.

Maranda yalitoka mazito, yakadondoka bila kujikunja. Alipiga, akajaribu, akapiga tena, jasho likimtoka kama mwizi wa mchana. Mwishowe mlango ukaingia kwenye fremu yake taratibu, ukafunga. Akatia komeo jipya, kisha akapanda kilima karibu kukimbia.

Mkewe aliusukuma mlango, akauvuta, akaliangalia komeo. Halafu akapanda kitandani na nguo zake za safari, akalala mpaka kesho yake. Majirani walisimama nje kushangaa.

"Kumbe bado ni yetu sisi! Kwako ni tayari!"

Fundi alijifanya hamnazo. Mkewe alikuwa amerudi. Hayo mengine wangejijua.

Ndipo jua likaja. Lilikuwa jua tulivu, jeupe, la siku zinazofanana, na mji wote ukaanza kukauka kwa sauti ndogondogo: vitanda vililia, makabati yalipasuka, ngazi ziliguna bila mtu. Mlango wa fundi nao ukaanza kunywea. Upande wa komeo ulitokea mwanya wa kupitisha unywele, baadaye penseli, baadaye vidole. Fundi akatundika koti lake la kazi pale pale.

"Tangu lini unavaa koti kwenye jua hili?" mkewe aliuliza.

"Nisije nikalisahau."

Alikwenda kazini roho juu na kurudi roho juu. Kila alipokata kona alitegemea kukuta mlango wazi na mke hayupo.

Mchana mmoja alirudi kula akakuta koti limekunjwa kitandani. Mkewe alikuwa amekaa kando yake. Mwanga ulikuwa umelala sakafuni, mrefu, tangu mlangoni mpaka miguuni pake.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua."

"Watu wa mji mzima uliwaambia bado."

"Niliwaambia."

"Sasa?"

Fundi alitafuta neno la kiseremala, akalikosa. "Nilishindwa kukungoja," alisema. "Chumba kilikuwa kikubwa mno."

Fundi akainama kuvuta begi la mkewe chini ya kitanda. "Nikupeleke kwa dada. Nitatafuta mbao iliyokauka kabisa, nichonge mwingine, nije nikuchukue. Safari hii nitangoja, haki ya Mungu."

"Acha begi. Njoo ulale hapa."

"Nina matope."

"Lala."

Akalala upande wa mkewe, kichwa kwenye mto wake. Kutoka hapo mwanya ulionyesha kipande cha barabara: miguu ya wapita njia, gurudumu la baiskeli, kuku akichakura.

"Unaona nini?"

"Barabara."

"Ina maji?"

"Hapana. Vumbi tupu."

"Siku ile mlango ulifunga vizuri," mkewe alisema. "Vizuri sana. Mto ulikuwa hapo nje, karibu yangu kama ulivyo wewe sasa, na mimi nakunja nguo. Sikuona kitu. Uliponirudisha nililala siku ya kwanza tu kwa uchovu. Zilizofuata nilikuwa nakudanganya, nafumba macho na kuhema. Juzi koti lako likaanguka. Nikashtuka kama kawaida, nikatazama kwenye mwanya, nikaona vumbi. Nikalala kweli."

Fundi alitaka kusema kwamba ule haukuwa mlango, ilikuwa aibu, kwamba wateja wangemcheka mpaka uzeeni. Machozi yakamzuia.

"Usiuguse mlango huu," mkewe alisema, akajilaza nyuma yake.

Baadaye mtu alisimama nje kwenye mwanga, akabisha hodi, akasema amekuja kwa ajili ya dirisha lake. Akabisha tena. Fundi alimwona viatu, wala hakuitika. Mkewe alikuwa ameshapitiwa na usingizi.