Mama Alitaka Kukiona Kitabu cha Baba

Wenzangu mama zao wakija Dar kutoka bara wanataka kupelekwa baharini, wapigwe picha wameshika viatu mkononi, halafu wakale samaki. Mama yangu alikuja kutibiwa macho. Akakaa kwangu Boko siku tatu akingoja tarehe ya upasuaji, na siku ya nne, chai hata haijapoa, akasema anataka nimtembeze maktaba ya taifa. Nikamwambia Kawe baharini kuna upepo mzuri sana. Akasema upepo hata kwetu upo.

Nilijua anachokifuata. Baba alikuwa mwalimu, na maisha yake yote aliandika kitabu kimoja, kijitabu chembamba cha ufugaji wa nyuki, kikachapwa kwenye mtambo wa misheni. Nakala za nyumbani nyingine ziliazimwa zisirudi, zilizobaki zikaliwa na mchwa. Baba hakusikitika. Kila mgeni aliyefika, baba alimwambia kwamba kitabu chake kipo maktaba ya taifa, na cha taifa hakiliwi na mchwa. Aliyasema hayo mpaka mwaka aliofariki. Mama naye aliamini, na kwa nini asiamini, wakati aliyetumwa kukipeleka ni mie.

Ngoja niseme ukweli mapema, maana kuzungukazunguka kunanichosha. Sikukipeleka.

Nilikuwa na miaka kumi na tano, nimekuja likizo kwa shangazi Temeke. Baba alinipa bahasha ya kaki yenye nakala mbili, akanieleza kwamba mtu akichapisha kitabu nchini, nakala zake hukabidhiwa maktaba ya taifa zitunzwe. Basi nikafika mlangoni. Mlinzi, kwa upole kabisa, akaniambia wasomaji hawaingii na mizigo, na kama nimeleta vitabu vya kukabidhi nizunguke nyuma, kuna ofisi. Kuzunguka nyuma tu, hatua hamsini hazifiki. Lakini mie nilishasikia "hawaingii", nikaona nimefukuzwa mbele za watu, ushamba ukanipanda kichwani. Nje palikuwa na mama mmoja anauza karanga. Nikamwomba anishikie bahasha nikatafute maji ya kunywa, na sikurudi.

Muuza karanga anahitaji nini kuliko karatasi? Miaka na miaka, kila nikinunua karanga Dar hii, nilikuwa nakunjua kile kikaratasi natafuta neno nyuki. Sijawahi kulikuta. Baba nilimwambia wamepokea na muhuri wakagonga. Huo muhuri niliuongeza mwenyewe, wala hakuna aliyeniuliza.

Basi tukatoka, mie kwenye usukani. Foleni ya Mwenge ilinipa matumaini, nikamwambia mama kwa mwendo huu tutakuta wamefunga. Akasema tutangoja wafungue. Nikamwambia vitabu vya zamani huwa vinahamishwa. Akasema basi watatuambia vilikohamia. Mama hanaga haraka, na mtu asiye na haraka humwezi. Vidole vyangu vinapiga usukani, redio nawasha, nazima, nawasha tena. Akaniuliza kama tumbo linaniuma. Nikasema ni foleni tu.

Nilikuta pamebadilika. Sakafu inang'aa, viyoyozi vinapuliza, kompyuta zimejipanga, na kimya kiasi kwamba mtu akifunua ukurasa unasikia. Mama akasimama mlangoni mwa chumba cha kusomea, akafanya kile ambacho mtu wa kwetu hawezi kuacha kufanya akiingia penye watu, yaani akasalimia. Tena si kwa kunong'ona.

"Hamjambo humu ndani?"

Vichwa kama arobaini viliinuka kutoka kwenye madaftari. Shikamoo zikaanza kuja, moja huku, mbili kule, mpaka jamaa aliyekuwa na spika masikioni akazitoa naye akaamkia. Mama akagawa marahaba meza kwa meza, akaanza na habari za masomo. Mie natamani ardhi ipasuke. Yule dada mkutubi alikuja anajizuia kucheka, akamshika mama mkono, akamkalisha.

Mama akamweleza kwamba mume wake ana kitabu humu. Dada wa watu akafurahi kweli, akageukia kompyuta yake, akauliza jina la mwandishi. Hapo nikadakia. Nikasema najua kilipo, nilishawahi kukiona, nitakwenda kukichukua mwenyewe wala asisumbuke. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, na yangu ilikuwa ya meza tano mpaka kwenye rafu za kilimo. Nikachomoa kijitabu chembamba, cha kilimo cha migomba, nikamletea mama.

Alikipokea kwa mikono miwili. Akakinusa. Akakipima uzito, akapitisha kidole pembezoni. Kwa yale macho yake yenye mtoto wa jicho, nadhani aliona weupe wa karatasi tu na wino kama ukungu.

"Kimenenepa," akasema.

Nikacheka kicheko kikavu, nikamwambia wamekitia jalada jipya. Akaitikia kwa kichwa, akakiweka mapajani, akatabasamu peke yake. Niliona haya, siwezi kudanganya, ila zaidi nilipata ahueni. Nikajisemea ishu imeisha, tunapita Kawe, tunakula samaki, tunarudi nyumbani.

Kisha akamwita yule dada. Akamwomba amsomee ukurasa wa mwanzo kabisa, kabla kitabu chenyewe hakijaanza, pale mume wake alipoandika jina la mkewe na maneno machache chini yake. Mie habari hizo ndiyo nazisikia. Mama akaeleza kwamba aliyasoma mara moja tu, siku vitabu vilipotoka misheni, tena ana hasira zake kwa sababu asubuhi hiyo nyuki walikuwa wamemng'ata shingoni. Akamrudishia baba kitabu, akashika ndoo, akaenda mtoni. Baadaye mchwa wakawahi. Sasa maneno yenyewe yamemtoka, na kabla madaktari hawajamgusa macho anataka ayasikie tena.

Dada akafunua ukurasa wa kwanza, akafunua wa pili, akarudi kwenye jalada. Halafu akaniangalia. Hakunikasirikia, alikuwa ananingoja tu. Ningemkonyeza, nadhani angetunga chochote cha kumfurahisha mzee, maana alikuwa na roho nzuri. Nilimwangalia mama alivyoinamisha shingo kutega sikio, nikashindwa.

"Mama, hicho ni cha migomba," nikasema. "Cha baba hakipo humu. Sikukipeleka. Niliviacha vyote viwili kwa muuza karanga."

Hakupaza sauti. Alikichukua kile kitabu mapajani, akakiweka mezani, akakisogeza mbele kidogo. Mie nikaanza kumwaga maneno. Misheni watakuwa nacho, nitapiga simu leo leo, walioazima nitawafuata mmoja mmoja, kitapatikana tu. Machozi yananitoka, na chumba kizima kinasikia. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Mama akangoja mpaka nikaishiwa.

"Baba yako hakuwahi kuniambia maneno yale kwa mdomo," akasema. "Hata siku moja. Aliyaandika tu pale."

Akanyoosha mkono akapapasa meza mpaka akaupata wangu. Nilitegemea lawama, na ningezipokea zote. Badala yake akanikumbusha kwamba nilisafiri na vile vitabu siku mbili nzima, kutoka kwetu mpaka kwa shangazi, nimevipakata, na kwamba umri ule nilikuwa nasoma kila kilichoandikwa, mpaka mifuko ya sukari. Aliongea taratibu, uso umemchangamka, kama mtu aliyekumbuka kwamba kumbe njia ipo.

"Kwa hiyo wewe uliyaona, mwanangu," akasema. "Niambie basi. Aliandikaje?"

Sikuwahi kuifungua ile bahasha.