Hita Niliyomwashia Mama Mkwe

Gari langu la umeme halina kosa. Naanza na hilo, maana hadi leo nikipita mjini Njombe watu wananiuliza, "Vipi, siku hizi linafika Makambako?" kisha wanacheka. Kwa mizunguko ya kila siku, dukani, kanisani, kupeleka watoto shule, silibadilishi na gari lolote. Nalichaji nyumbani, sheli napita nawapungia mkono tu. Kosa ni la mdomo wangu.

Na mdomo nilikuwa nao, jamani! Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ana pikapu kuukuu ya petroli inayokohoa kila asubuhi ya baridi. Kila tukikutana namchokoza, "Shemeji, hiyo si gari, ni jiko la kuni." Naye hunijibu, "Jiko langu likiishiwa nanunua kidumu njiani. Wewe umeme utaununua kwenye chupa?"

Juni hii dada wa mama mkwe wangu alifariki huko Makambako. Mke wangu alitangulia msibani kusaidia kupika. Asubuhi ya mazishi, umande ukiwa umeganda kwenye nyasi, shemeji alikuja mtaani kwetu, anakokaa mama yake pia, kumchukua. Mama alikuwa na ombi moja tu: amwone dada yake usoni kabla jeneza halijafungwa. Usiku umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, gari langu lilikuwa na chaji nusu, na shemeji alilijua hilo. "Shemeji, mama apande huku," akasema, tena mbele ya majirani. Damu ikanichemka. Nikamwambia, "Mama hapandi moshi wako siku kama ya leo. Wewe tangulia, tutakupita njiani."

Nusu ile ingetufikisha. Ila hita sikuihesabu. Gari la petroli hupasha abiria kwa joto la injini ambalo lingepotea bure; la umeme huchota betri ileile inayozungusha magurudumu. Nilikuwa nalijua hilo vizuri kabisa.

Kwetu mtu hapigi soga na mama mkwe wake. Tukishasalimiana "kamwene", imetosha. Neno lingine linapitia kwa mke. Mama alikaa nyuma na koti lake zito, blanketi juu. Kwenye kioo nikamwona anajifuta uso kwa khanga. Maskini, analia, tena kwenye baridi hii, nikasema moyoni. Nikaongeza joto. Akajifuta tena, nami nikaongeza tena. Chaji ilikuwa inashuka naiona. Nizime hita, mama akasimulie kwamba gari la mkwe wake linagandisha watu? Thubutu!

Gari lilizima kwenye kilima, mabati ya Makambako yakionekana kwa mbali. Nilimpigia shemeji, akageuza pikapu kuturudia. Hakunicheka, na afadhali angenicheka. Alimshika mama yake mkono, akampandisha mbele, mimi nikapanda nyuma kwenye bodi kama gunia la viazi.

Walikuwa wametusubiri mpaka mchungaji akachelewa maziko mengine. Tulikuta wanaume wanasawazisha udongo kwa majembe. Mama alipiga magoti pale, nami nikasimama nyuma ya watu wote, natamani ardhi inimeze.

Baada ya chakula mke wangu aliniita kando. "Mama anauliza, lile joto la gari lako huwa halipunguzwi? Anasema jasho lilimtoka mpaka akadhani atazimia. Ila angekuambiaje, na wewe ni mkwe?"

"Kwa hiyo hakuwa analia?" nikauliza.

"Njiani? Alikuwa anafurahi anakwenda kumwona dada yake," akasema mke wangu. "Kulia ameanzia kaburini."