Fundi Viatu wa Gachoka Chini ya Shuka

Kwa miaka ishirini na mitano Ndambiri aliwapiga picha watu wa Embu ambao hawakumwomba. Alikuwa mpiga picha wa polisi. Alipostaafu mwaka 2004 alinunua kamera yake mwenyewe, akakusanya nakala za picha zake zilizowahi kutoka magazetini, akaanza kurudi kila mahali palipotokea uhalifu ili apige upya, palepale alipokuwa amesimama zamani.

"Wenzako wakistaafu wanafuga kuku," mkewe Celina alimwambia.

"Kuku wananiwasha," alijibu, akavaa kofia.

Benki iliyovamiwa mwaka 1988 sasa ilikuwa inauza chipsi, na foleni ilikuwa ndefu kuliko ya enzi za benki. Katika mtaa wa Majimbo, nyumba ambamo jambazi alikamatwa ndani ya tangi la maji ilikuwa shule ya chekechea. Mwalimu mkuu alimruhusu kupiga, mradi bembea zionekane.

Kisha akaenda Gachoka. Mwaka 1981 fundi viatu aitwaye Kithaka aliuawa na majambazi mlangoni pa duka lake. Duka lilikuwa limegeuka saluni. Ndambiri aliinua picha ya zamani mbele ya macho, akawa anarudi kinyumenyume hadi mlango wa pichani ukalingana na ule wa saluni, na kisigino chake kikaingia mtaroni.

Mwanamke akatoka na kitana mkononi. "Mzee, unatafuta nini kwangu?"

"Mlango."

Akamwonyesha picha, akamweleza kwamba analinganisha ya zamani na ya sasa. Kulikuwa na umati, na mbele yake mtu aliyefunikwa shuka, miguu tu ikionekana. Mwanamke aliitazama sana. Mteja aliita kutoka ndani kwamba dawa inamchoma kichwa.

"Huyu ni baba," alisema. "Mimi ni Mukami wa Kithaka. Aliuawa hapa nikiwa mdogo. Baadaye nyumba yetu ikaungua, na hatukubaki na picha yake hata moja."

Kuzungumza na jamaa wa marehemu ilikuwa kazi ya maofisa wengine. Ndambiri alisema, "Pole," na neno likatoka dogo.

"Kumbe alikuwa na miguu mikubwa." Mukami alivua ndala, akaweka mguu wake kando ya picha. "Ndiyo maana sipati viatu sokoni." Akacheka, kisha akalia, kisha akaenda kumwosha mteja dawa.

Aliporudi, Ndambiri alikuwa bado amesimama. Akampa ile picha.

"Na wewe utalinganisha na nini?"

"Mahali napakumbuka."

Mukami akasimama mlangoni peku, akamwagiza asikate miguu yake pichani. Katika kazi yake yote Ndambiri hakuwahi kumwomba mtu atabasamu.

"Tabasamu kidogo," alisema.

Hakutabasamu. Akapiga hivyohivyo.

Picha zote mbili zilitundikwa saluni, juu ya beseni. Wateja huuliza ni nani yule chini ya shuka.

"Baba yangu," Mukami huwajibu. "Inamisha kichwa."