Kiganja cha Koku

Juzi mjukuu wangu aliegemea ukuta wa jiko langu kwa mkono uliojaa unga wa keki. Nilishika kitambaa ili nifute, nikashindwa.

Kule kwetu Kamuli, mama alioka keki ya Krismasi kwenye sufuria, mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko. Harufu ya siagi ilichanganyika na ya udongo mbichi, maana nilikuwa nimetoka kusiliba kuta za jiko kwa ajili ya sikukuu. Koku, mdogo wangu wa mwaka mmoja, alichovya mkono kwenye unga, akasimama dede, akajishikiza ukutani. Kiganja chake kikabaki pale, vidole vitano vyeupe.

"Mama, ameniharibia kazi yangu!"

"Muache," mama alisema akicheka. "Na yeye amesiliba."

Homa ilimchukua Koku, tukamzika kabla ya Pasaka. Nyumba ilikuwa kimya, nikadhani mama angefurahi kuiona mpya. Jumamosi Kuu, yeye akiwa migombani, nilikanda udongo nikasiliba jiko lote, na pale kwenye kiganja nikapaka mara mbili.

Mama aliporudi alisimama mlangoni muda mrefu, mkungu wa ndizi bado kichwani.

"Umesiliba vizuri, mwanangu."

Nilijivunia maneno hayo miaka mingi. Sikujiuliza kwa nini, tangu siku ile, kila alipochuchumaa kukoroga uji, mkono wake wa kushoto ulipapasa ukuta, pale chini, kwenye kimo cha mtoto anayesimama dede.