Mashine Iliyokataa Masasi

Waliniita kwa sababu ya Kifaransa, si kwa sababu ya akili. Nasema hivyo mapema, maana baadaye kulizuka habari pale Nchelenge kwamba mimi ni mutaalamu wa silaha, na jirani yangu wa kambini akaanza kunisalimia akiwa amesimama wima kama mutu wa gwaride.

Ng'ambo, upande wa Kongo, nilikuwa mwalimu wa fizikia. Tulivuka ziwa kwa mutumbwi, tukapokelewa Kenani, kituo cha wakimbizi upande wa Zambia, kisha tukapewa shamba. Mihogo yangu haikunipenda. Kwa hiyo siku za soko nilikuwa nakaa Nchelenge, karibu na wanawake wanaouza chisense, dagaa wa ziwa letu, nikitengeneza redio na simu juu ya meza ya mbao. Hapo ndipo gari la walinzi wa nyama, yaani wanyama wa pori, liliponikuta.

Walinzi hao walikuwa kikundi kidogo kilichoanzishwa na wafadhili wazungu ili kuzuia viboko wasimalize mashamba ya kando ya ziwa. Wafadhili walikuwa wamewaletea zawadi: kamashine kadogo, ukubwa wa kitabu cha sala, kanakosimama kwa miguu mitatu. Unakaweka karibu na mudomo wa bunduki, unapiga, nako kanatuma mawimbi yake yafuate risasi, halafu kanakuandikia mbio zake kwenye kioo.

"Shida ni nini?" nilimuuliza dereva njiani.

"Inakataa," akasema.

"Inakataa nini?"

"Masasi ya bunduki. Toka ifike, haiyaandika hata sasi moja."

Ofisini nilikuta komite ya watu watano imekwisha kukaa, mashine iko katikati ya meza kama marehemu. Mukubwa wao, ambaye wote walimuita ba bosi, alikuwa mwanamume mwenye tumbo la heshima na kalamu tatu mufukoni. Kando yake alikaa katibu, muzee mwembamba aliyekuwa akiandika kila neno lililosemwa, hata kikohozi.

Mutunza stoo alisema ni jua. Muhasibu alisema mashine za Ulaya hazijazoea unyevu wa ziwa, zinahitaji kwanza kupumzika. Ba bosi aliwasikiliza kwa huruma, kisha akanigeukia.

"Mwalimu, tuseme ukweli. Ni mutandao yenu ya Kongo. Inavuka maji. Simu yangu pia, nikienda kandokando ya ziwa, inanikaribisha Kongo bila mimi kuomba."

"Ba bosi, mutandao wa simu na mawimbi ya hii mashine ni vitu viwili."

"Vinapita hewani vyote?"

"Ndiyo."

"Basi," akasema, na katibu akaandika kwamba Kongo inachunguzwa.

Niliomba kitabu cha maelezo. Kilikuwa chembamba kuliko nilivyotarajia. Kurasa za Kiingereza ba bosi alikuwa amezichana na kuzipeleka nyumbani azisome kwa utulivu, na huko zikabaki. Zilizosalia zilikuwa za Kijerumani na za Kifaransa. Ndiyo sababu ya mimi kupandishwa gari.

Chai ililetwa na mwanamke wa miaka thelathini na kitu. Alikuwa amevaa sare ya walinzi, imepigwa pasi mpaka inakata, na viatu vya askari vinavyong'aa. Akaweka vikombe, akapiga goti kidogo kwa adabu ya Kibemba, akatoka. Nilimufuata dereva nje nikamuuliza kwa nini askari anapika chai.

"Huyu njo alikuwa anapiga bunduki kushinda bote," dereva akasema kwa sauti ya chini. Mwanamke huyo alikuwa wa kijiji cha Puta, binti wa mvuvi. Miezi saba nyuma walimutuma kumupiga kiboko aliyekuwa amezoea shamba la mihogo. Akapiga mara mbili mbele ya kijiji kizima. Kiboko akatikisika kama mutu aliyepigwa kofi na mutoto, akarudi majini. Watu wakacheka mpaka machozi. Ba bosi akaandika barua kwamba mulinzi huyu hufumba macho wakati wa kupiga, akamunyang'anya bunduki na kumupa birika.

Tulienda nyuma ya ofisi, kwenye shimo kubwa walikokuwa wakichimba udongo wa matofali. Ba bosi akaisimamisha mashine mwenyewe, kwa sababu, alisema, tangu ifike hakuna mutu mwingine aliyeigusa. Kitu cha bei hii si cha kila mukono. Akaigeuzia uso kwenye viti.

"Ba bosi," nikasema, "inapaswa kuangalia kule risasi inakoenda."

"Siku ya sherehe ya kuipokea wageni walikaa hapa kwenye viti. Zawadi ya wageni itawapaje wageni mugongo?"

Nilimuonyesha mchoro kwenye kitabu. Mchoro hauna lugha. Akautazama muda mrefu, akakubali mashine igeuzwe, kwa sharti kwamba wageni wakirudi itageuzwa tena.

Sasa alihitajika mutu wa kupiga. Walinzi wengine wote walikuwa doria. Macho yakaenda pole pole kwa mwanamke aliyekuwa akikusanya vikombe.

"Mupeni bunduki," ba bosi akasema. "Si lazima apate kitu. Tunahitaji kelele tu."

Yeye alisema tu, "Ee mukwai," ndiyo ya heshima ya Kibemba. Akafuta mikono kwenye suruali, akapokea bunduki, akaikagua, akalala kifudifudi kwenye gunia. Alipiga. Udongo ukaruka kule mbele katikati ya tofali lililowekwa alama. Kioo cha mashine hakikuonyesha kitu. Akapiga tena. Tofali likapasuka. Kioo kikabaki kitupu kama sahani ya mugeni asiyetarajiwa.

"Munaona?" ba bosi akasema, kwa furaha kidogo. "Imekataa."

Nilibadilisha betri. Nilisogeza mashine mbele kidogo, nikairudisha nyuma, nikaiinamisha. Hakuna kitu. Nilikuwa nimeanza kujuta kwamba nilisoma shule, wakati bawabu wa geti, aliyekuwa amechoshwa na kunguru kwenye ukuta wa shimo, alivuta manati yake akatupa jiwe. Jiwe likapita mbele yetu. Mashine ikalia: pii. Kwenye kioo pakatokea namba.

Komite ikasimama.

"Jiwe inakubali!" ba bosi akapiga kelele. "Jiwe ya manati! Na sasi ya bunduki ya wafadhili inakataa!"

Mutunza stoo akafanya ishara ya musalaba. Lakini mimi, kwa mara ya kwanza siku ile, nilipata mwanga. Mashine haikuwa kipofu. Ilikuwa inaona vitu vya pole pole na kuacha vya haraka, kama mutu aliyeambiwa ahesabu kobe. Swala akipita mbele yake, hamuhesabu. Nikafungua ukurasa wa Kifaransa unaoeleza machaguo. Kabla ya kupima, unaiambia mashine itegemee nini: bunduki, bastola, bunduki ya upepo, au upinde. Nikabonyeza kitufe nikaangalia. Ilikuwa kwenye upinde.

Kupata ubovu ilikuwa kazi rahisi ya siku ile. Kazi ngumu ilikuwa kuutangaza. Mutu mumoja tu alikuwa ameigusa mashine, naye alikwisha kutuambia hivyo, na katibu alikwisha kuandika.

"Ba bosi," nikasema, "mashine ilikuwa inangojea mishale."

"Nani aliiambia ingojee mishale?"

Dereva akaangalia ziwa. Muhasibu akaangalia viatu vyake. Mimi nina watoto wanne na karatasi ya ukimbizi, basi nikasema, "Za siku hizi zina akili, ba bosi. Saa zingine zinajiwekea zenyewe."

"Nilijua," akasema.

Nikaiweka kwenye bunduki. Mwanamke akapakia risasi mpya, za kasanduku ambako wafadhili walileta pamoja na mashine. Akapiga tatu. Pii, pii, pii. Namba zilifuatana kama ndugu, mita kwa sekunde: mia saba na themanini, mia saba na themanini na mbili, mia saba na sabini na tisa. Watu wakapiga makofi. Ba bosi akamushika katibu mukono kupongezana, na akaamuru tupige na za kwetu pia, za stoo, ili rapo, yaani ripoti, ikamilike.

Za stoo zililetwa kwenye katoni iliyokuwa na alama ya maji ubavuni. Bati la stoo lilikuwa linavuja tangu mvua za mwaka uliopita. Hata mimi mugeni niliona doa ukutani. Akapiga ya kwanza. Sauti yenyewe ilikuwa nyingine, kama mutu anayekohoa kwenye blanketi. Mia tano na kumi na mbili. Ya pili, mia sita. Ya tatu ilitoa kelele ndogo tu ya chuma. Akangoja kidogo, akaitoa kwa uangalifu, akaiweka pembeni.

"Sasa njo imeharibika kabisa," ba bosi akasema.

"Tujaribu tena mupya," nikasema.

Mupya: mia saba na themanini na moja. Ya stoo: mia tano na arobaini. Hakuna aliyepiga makofi.

Mwanamke akaondoa risasi zote kwenye bunduki, akailaza juu ya gunia, akainuka.

"Mwalimu, sema tena ile numero."

"Mia tano na kumi na mbili."

"Na ya ile mupya?"

"Mia saba na themanini."

Akakaa juu ya matofali. Hakumuangalia ba bosi wala mutu mwingine. "Siku ile ya kiboko nilipiga na zile za stoo. Miezi saba," akasema, "nilikuwa nafikiri ni mukono yangu. Nilikuwa naamuka asubui naiangalia, naiuliza, juu ya nini ulinifanyia vile? Nilianza kuamini ata mimi, kama nilifumba macho."

Ba bosi akamugeukia katibu. "Usiandike hiyo."

Katibu akaandika: *Usiandike hiyo.*

Maandishi hayo yalisafiri na rapo mpaka kwa wafadhili. Mara mbili nilisikia kwamba kuna muzungu aliyepiga simu kuuliza ni kitu gani kisichopaswa kuandikwa. Kilichofuata nilikiona mwenyewe: stoo ikapata bati jipya, katoni ile ikapelekwa kuharibiwa, na risasi zingine zikaja. Ba bosi alipelekwa Ndola siku tatu kufundishwa matumizi ya mashine, akarudi na cheti chenye picha yake, akakitundika mahali penye doa. Kwenye hotuba alisema kwamba chini ya uongozi wake kikundi kimegundua tatizo ambalo wengi wangelificha. Barua ya ba bosi juu ya yule mwanamke haikufutwa. Iliongezewa nyingine, inayosema kwamba macho yake sasa yamefunguka. Akarudishiwa bunduki.

Mimi nilipewa kofia.

Baada ya mvua kukatika, kulikuwa na kiboko upande wa Mofwe aliyepindua mitumbwi miwili. Sokoni habari zilifika kabla ya gari: risasi moja tu. Siku mbili baadaye yule mwanamke aliyeipiga alipita kwenye meza yangu na redio iliyokufa, akakaa kwenye kigoda nikiifungua. Nilimupongeza. Akatikisa kichwa.

"Ilianguka palepale, mwalimu. Haikuteseka," akasema. "Ile ya kwanza iliondoka na sasi yangu ndani ya mwili. Batu banafikiri ni barua njo ilikuwa inaniuma. Awe, hapana. Ni ile nyama. Kila siku nilikuwa najiuliza kama iko inasikia maumivu kule chini ya maji."

Waya mumoja wa redio ulikuwa umekatika karibu na spika. Nikauunga, sauti ikarudi, mahubiri ya Kibemba. Akasikiliza kidogo, akaomba nitafute muziki.