Mlango wa Nyuma wa Ikulu

Mjukuu wangu anasomea kuchora majengo, chuoni Mwanza. Kwenye ukoo wetu nyumba tunajenga tu, hakuna aliyewahi kuzisomea, kwa hiyo nikienda gulioni nahakikisha kila mtu amesikia. Mimi niliishia darasa la tatu. Alipokuja likizo akasema anataka kuichora ikulu ya zamani ya mtemi, yale mawe juu ya mlima upande wa Sapiwi, na atanihoji mimi kwa kuwa niliwahi kuingia.

Sikuwahi kuingia. Nilianza kusema hivyo nikiwa msichana, kuwaringia wenzangu wa kuchunga, na uongo ukazeeka pamoja nami.

Ya kweli nilipewa na baba, ambaye babu yake alibeba mawe ya kuijenga. Watemi walikaa kule enzi za kuporana ng'ombe kwa mikuki, wakashuka tambarare nchi ilipotulia. Kuta zimepangwa jiwe juu ya jiwe bila tope. Mlango ni mfupi makusudi: hata mgeni mkubwa aliingia ameinama, shingo mbele, na ndani mlinzi ameshika shoka. Halafu njia inapinda chini ya mwamba ili mkuki usifike. Mwisho kabisa kuna shimo. Ndama alitumbukia humo, baba alisema, wakamsikia akilia siku mbili.

Ya uongo niliyaongeza mwenyewe: ngoma za mtemi zilizoachwa ndani, na mlango wa nyuma wa kumtorosha. Lile shimo sikumtajia, maana halikunoga. Mjukuu akavichora vyote kwenye karatasi yake.

Tulipanda asubuhi. Akaingia kwa magoti, na tochi na futi ya kupimia. Mimi nikakaa nje nikisingizia miguu. Alikuwa akinitajia vipimo, sauti inazidi kwenda mbali, ndipo nyuki wakaanza kutoka kwenye ufa juu ya mlango. Kwanza wachache. Mara mlango wote ukawa mweusi, unanguruma.

Nikampigia kelele kuna nyuki, asirudi huku. Akajibu taratibu kama mtu anayekwenda dukani:

"Usijali bibi, natokea mlango wa nyuma."

Nikasikia viatu vyake kwenye kokoto, hatua kwa hatua, na kichwani mwangu yule ndama analia. Nikaingiza uso katikati ya nyuki. Walinichoma mdomo na kope.

"Simama hapo hapo. Hakuna mlango wa nyuma, nilidanganya. Mbele yako kuna shimo."

Viatu vikanyamaza. Nimezaa mara saba, nimewahi kumkuta fisi zizini, lakini sijawahi kuogopa vile. Kisha kitu kikaanguka ndani, na kikachukua muda mrefu kugonga chini.

"Bibi," sauti ikaja, ndogo kama ya mtoto. "Tochi imeanguka. Njoo."

Nikakusanya mavi makavu ya ng'ombe, nikayawasha kwa kiberiti cha kiko changu, nikayasogeza mlangoni. Moshi ukawapandisha nyuki juu. Nikajifunika khanga kichwani, nikainama, nikaingia. Shingo ilikuwa mbele, kama baba alivyosema, na mimi mzee mzima nikawa nasubiri shoka. Nilipapasa ukuta mpaka kwenye kona, nikapapasa tena, nikashika kifundo cha mguu. Alikuwa amekaa chini. Nilinyoosha mkono kupita goti lake nikagusa hewa tupu, ya baridi.

Tulitoka kinyumenyume, nimemshika mguu.

Nje alikuwa ananitoa miiba ya nyuki usoni. Alipomaliza akafungua karatasi, akaufuta ule mlango.

"Na ngoma?" akauliza.

"Sikuziona."

Akazifuta na ngoma. Kisha akanipa penseli, akaniambia nimwonyeshe shimo liko wapi. Nikachora duara. Likatoka baya. Akaliacha hivyo hivyo.